Pointi za Mwenda

Jumamosi, Meru

Hoteli hizi za kifahari nimezitukana gazetini miaka mingi, na leo nimo ndani ya moja, kwa pointi za marehemu kaka yangu Mwenda, alizopata kwa kulala humu mara kwa mara. Tulimzika Nkubu mwezi wa tatu. Kila Krismasi alinialika tulale hapa, nami nikamwita kibaraka wa matajiri.

Msichana wa mapokezi alisoma kompyuta. "Karibu, mzee. Vitanda viwili, kama mlivyoomba."

"Nani aliomba? Niko peke yangu."

"Bwana Mwenda, alipolala hapa wiki jana. Alisema safari hii ndugu yake hatakataa."

Nilichukua ufunguo nikapanda chumbani, mimi ninayebishana na kila mtu.

Kitanda cha pili kimebonyea upande wa ukutani, upande Mwenda aliopenda kulalia tangu utotoni.

Nimemwambia samahani, kwa Kimeru. Taa sijathubutu kuizima.