Nilivyomjibu Daktari wa Bima

Vero, nimetoka kwa wakili sasa hivi. Nimeketi kwa ngazi za jengo lake hapa mjini. Usicheke kabla sijamaliza.

Unakumbuka vile kampuni ya bima, ile ya lori lililonivunja mkono, ilinituma kwa daktari wao? Aliniuliza, "Mama, mkono uko aje?"

Nikamjibu, "Namshukuru Mungu, uko sawa."

Vero, aliandika! Aliandika kwamba mgonjwa mwenyewe amesema mkono uko sawa.

Sasa ningesema nini? Mtu akikuuliza hali, hata ukiwa unakata roho unamshukuru Mungu kwanza, halafu ndio unaanza kulia. Yule hakungoja nifike kwa kulia.

Wakili Mbugua ameshika kichwa. "Nyokabi, malipo yanapimwa kwa kazi ambayo mkono umeshindwa kufanya. Kwa ripoti hii utalipwa pesa ya uchungu tu."

Nikamwambia vidole havifungi, tangu ajali sijasuka hata kichwa kimoja, na saluni yangu ya Kinoo inaenda kufungwa. Akaniuliza, "Haya yote ulimwambia Mungu, daktari ukamficha?"

Nikamnyooshea mkono, Vero, aone mwenyewe.

Basi Alhamisi ananipeleka kwa daktari mwingine, nijaribu kusuka mtu mbele yake, aone vidole vinakatalia wapi. Akauliza kama niko na mtu wa kujitolea.

Nimemwambia ninaye mmoja, nywele zake zilikuwa zinanishinda hata mkono ukiwa mzima. Uje ukiwa umefumua.