Ukubwa wa Nchi na Vumbi la Mawe

Jumatatu, 3 Februari

Meza tatu za jikoni leo, zote za kwenda mji wa Markham. Jiwe jeupe tena. Nimekata mpaka saa tisa. Maji ya mashine bado yamefungwa. Bosi anasema yakifunguliwa yanaganda mlangoni na watu wanateleza. Kwa hiyo tunakata kavu, na vumbi tunalimeza sisi. Nimekohoa njia nzima kwenye basi. Mama mmoja akahama kiti.

Mchana ubishi ulikuwa juu ya nchi kubwa. Redio imesema jirani wa kusini anataka kuipandishia Canada hii ushuru. Kasongo, tunayekata naye mawe, akacheka, kumbe hata wakubwa wanaogopana. Otieno, mwenzangu wa chumba, amemaliza kidato cha nne na anajua kila kitu. Akasema taifa kubwa ni manowari na pesa ambayo kila mtu anaitaka. Kasongo akakataa. Kwao Kongo ameona malori ya madini. Anasema ukubwa ni kuchukua mali ya mtu na yeye akusindikize mlangoni.

Mimi niliishia darasa la saba. Nikawaonyesha lile jiwe. Limetoka nchi nyingine, mashine nchi nyingine, mikono ni ya kwetu, na jiko ni la mtu wa Markham. Nikasema mkubwa ni yule ambaye vitu vyote vinaishia kwake.

Otieno akasema, "Mzee Rama, wewe ungekuwa profesa. Shida ni hiyo kofia yako iliyojaa vumbi."

Tulicheka sana. Kisha kengele.

Jumatano, 5 Februari

Kliniki. Wamepiga picha ya kifua. Daktari anasema mapafu yameanza makovu. Akauliza nafanya kazi gani. Akasema niache vumbi kabisa, makovu hayarudi nyuma.

Kuacha vumbi ni kuacha kazi. Kibali changu kimeandikwa jina la karakana hii tu. Nikitoka hapa natoka na nchini.

Mke wangu alipiga simu. Nikamwambia ni mafua.

Alhamisi, 6 Februari

Nimewaambia wenzangu. Kasongo naye anakohoa, alikuwa anaficha. Otieno akasema tusilalamike mmoja mmoja. Bosi anaweza kumfukuza mmoja, watatu hawezi, nani atamkatia mawe? Akapiga simu mwenyewe ofisi ya wakaguzi wa usalama kazini. Mkaguzi atakuja Jumanne. Atatuuliza kila mtu, na kila mtu atasema ukweli uleule: maji yafunguliwe.

"Manze, sisi watatu tukiongea pamoja, sisi ndio taifa kubwa," akasema. Tukashikana mikono juu ya jiwe.

Leo nina nguvu. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumapili, 9 Februari

Otieno amesonga ugali, mimi nimepika maharage. Bosi amempigia simu mara mbili. Mara zote ametoka kwenda kuongea kwenye ngazi, na nje baridi inakata masikio. Nikamuuliza kuna nini. Akasema ratiba ya wiki.

Hakutaka ubishi leo. Hata mpira hakutaka.

Jumanne, 11 Februari

Nilifika saa moja asubuhi, nikakuta maji yanatiririka kwenye kila mashine. Sakafu imepigwa deki. Mlangoni wamemwaga chumvi, hakuna barafu. Kumbe iliwezekana siku zote. Mtu amemwambia bosi siku ya ukaguzi. Nilijua hapo hapo kuna mtu. Sikutaka kujua nani.

Mkaguzi ni mama wa makamo, mpole. Akaniuliza kama nataka mkalimani wa simu. Otieno akadakia kwamba ya nini, yeye yupo, muda utapotea bure. Nikakubali. Kiingereza changu kinanunua mkate. Hakielezi mapafu.

Nikasema kwa Kiswahili: maji yamefungwa tangu Desemba, tunakata kavu, daktari ameona makovu.

Otieno akamwambia mkaguzi kwamba maji yapo kila siku, na kwamba kikohozi hiki nilikuja nacho kutoka Tanzania.

Nilielewa. Kila neno. Kuongea siwezi, kusikia naweza. Na yeye anajua naweza, tunaangalia taarifa ya habari pamoja kila siku.

Mkaguzi aliandika. Halafu akaniangalia mimi, akauliza kama ndivyo. Nikaitikia kwa kichwa.

Niliitikia. Naandika ili nione nilichofanya. Nimelelewa hivi: humwaibishi mwenzako mbele ya wageni. Mnagombana mkishafika nyumbani. Nilimwona Otieno amesimama pale, shati amelichomekea vizuri, nikaona aibu kwa ajili yake. Ningesema "mwongo" angedhalilika mbele ya yule mama. Kwa hiyo nikayauza mapafu yangu kuficha uso wa mtu aliyeniuza.

Kasongo alipoulizwa alisema yeye anafagia tu, mambo ya maji hayajui. Huyo namsamehe. Aliogopa. Otieno hakuogopa. Otieno alipanga.

Jumatano, 12 Februari

Nimemuuliza. Hakukana. Bosi amemwahidi barua ya kuombea makazi ya kudumu.

"Nina watoto wawili Kisumu sijawaona miaka minne. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nikamwambia ningenyamaza. Kunyamaza ni woga, woga naujua. Lakini wewe umeuchukua mdomo wangu ukasemea uongo wako. Akasema nazidisha. Akaosha vyombo vyote, hata vyangu. Sikula.

Nimefikiri siku nzima kuhusu ule ubishi wetu. Tulikosea wote. Bosi hakumpiga mtu. Hakumtisha mtu. Alimwita mmoja pembeni, akamwonyesha karatasi, na watatu tukavunjika. Nadhani wakubwa wa dunia ndivyo wanavyofanya na nchi zetu. Manowari ni za picha. Kazi yenyewe inafanyika pembeni, na rais mmoja, kwa ahadi moja, na majirani zake hawajui. Na Canada hii, inayolia kwamba jirani anaionea, ndiyo iliyoniandikia kibali chenye jina la mtu mmoja. Walinikaribisha kwa tabasamu uwanja wa ndege. Hawakusema kwamba hata pumzi yangu itakuwa ya bosi.

Nachukia. Sijui nani zaidi.

Alhamisi, 13 Februari

Maji yamefungwa tena.

Ijumaa, 14 Februari

Kasongo alikuja kula karibu yangu. Akanipa nusu ya chapati yake. Otieno alikaa peke yake, amefungua simu. Amepewa kazi ya kupima tu, haingii tena kwenye vumbi.

Jumanne, 18 Februari

Sikwenda kazini. Nimekwenda maktaba, kuna joto na hawakuulizi. Nimepiga namba aliyoiacha mkaguzi. Nikasema jina langu, na neno Swahili. Wakanisubirisha, muziki, halafu mkaguzi, na sauti ya mama mwingine, lafudhi ya Tanga au Mombasa.

"Hujambo baba. Mimi natafsiri tu. Siongezi, sipunguzi."

Nikaanza na Desemba. Nikasema maji, vumbi, picha ya kifua. Nikasema Jumanne ile niliitikia uongo, na kwa nini niliitikia. Yule mama akayasema yote kwa Kiingereza, hata ile sehemu ya aibu. Nilisikiliza neno kwa neno. Hakuacha hata moja.

Mkaguzi akauliza kama nataka jina langu lifichwe. Nikafikiria kibali. Nikafikiria mke wangu. Nikasema liandikwe. Akasema atakuja tena, safari hii bila taarifa. Kuhusu kibali hakuahidi kitu, na mimi sikuomba ahadi.

Akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema hakuna.

Nimesimama pale dirishani mpaka simu ikapoa mkononi. Nje theluji ilikuwa inaanguka polepole. Mzee mmoja wa Kichina alikuwa anasoma gazeti lake. Alinisogezea kiti.