Niangalizie Mara Moja

Nansio, Ukerewe
Jumatano mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Na nyingine ni ya siku niliyoondoka, maana nililia mpaka nikasahau kukuamkia. Goti la bibi linaendeleaje? Na yule mbuzi mwekundu ameshazaa au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima. Nakula, nalala vizuri, ila upepo wa ziwa unanikausha midomo.

Najua kwenye simu nilisema "nimefika salama" nikanyamaza, nawe ukauliza, "Nyamizi, ndiyo hayo tu?" Ndiyo hayo tu yaliyotoka. Nikiweka simu sikioni maneno yananikimbia, na siku ile nilimsikia baba akikohoa karibu yako. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri nimalize. Barua hii atakuletea mteja wetu mmoja ambaye kwao ni hapo Nzega. Usimsomee baba mpaka wewe mwenyewe uwe umefika mwisho.

Unakumbuka baba alivyosema tukiwa tunakula? "Huyu hata chumvi ya dukani anamtuma mdogo wake Shija akamsemee. Mwanza atapitaje peke yake?" Mimi nikaangalia sahani. Wewe ukamjibu neno moja, "Atapita." Na Mama Bahati mwenye duka alikuwa ameshasema kwamba atanisubiri gatini meli ya Jumamosi jioni, na nisiposhuka humo atamchukua binti wa jirani yake, kwa sababu duka haliwezi kukaa bila mtu. Basi njia nzima sikuwa nawaza duka. Nilikuwa nawaza lile neno lako. Nikikosa meli, wewe ndiye utakayeonekana umesema uongo.

Mambo yalianza kuharibika kwenye basi. Aliyekaa karibu yangu aliniomba simu. "Dada, napiga mara moja tu." Akatoa laini yangu, akaweka yake, akaongea habari za kiwanja cha ndugu yake tangu Tinde hadi tulipoingia Shinyanga, simu ikazimika mkononi mwake. Alinirudishia pamoja na laini yangu, ameifunga kwenye karatasi ya pipi. Nikasema asante. Mama, mimi ndiye niliyesema asante.

Stendi ya Nyegezi, wakati nashuka, ndara ya kushoto ikakatika kamba. Nikaifunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki, nikawa natembea naburuza mguu. Na nilipoinua begi nikaona linanata kwa chini. Ile chupa ya asali uliyomfungia Mama Bahati ilikuwa imelegea kifuniko.

Hata hivyo bandarini nilifika mapema. Meli ilikuwa ya saa nane na dirisha la tiketi lilikuwa halijafunguliwa. Nikakaa mwisho wa benchi, karibu na nguzo, nikaweka begi kati ya miguu, nikajisifu moyoni kwamba kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Akaja mama mmoja mwenye kilemba cha kijani, amebeba godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba. Akaliegemeza kwenye nguzo. "Mwanangu, niangalizie hapa, nakwenda chooni mara moja." Nikaitikia. Wewe mwenyewe umetufundisha kwamba mtu mzima akikutuma hukatai, na kulitazama godoro si kazi.

Bado hajarudi, akaja kaka mmoja na boksi lenye matundu. Ndani kulikuwa na vifaranga, wanalia kweli kweli. "Sista, nawafuatia chakula hapo nje, sasa hivi narudi. Usiwaache juani, watakufa." Akaondoka kabla sijafungua mdomo. Sasa, Mama, lile jua lilikuwa linaingia dirishani na kusogea. Kila likifika kwenye boksi, navuta boksi. Boksi likisogea, godoro linabaki peke yake, narudi kuvuta godoro.

Wa tatu ni mzee mwenye baiskeli. Baiskeli yenyewe haikuwa na stendi (mwambie mjomba fundi, atasikitika). "Binti, nishikie kidogo," akasema, akaniwekea usukani mkononi kama mtu anayekupa kikombe cha chai. Sikuweza hata kuiegemeza, maana nguzo ilikuwa na godoro. Basi nikawa mkono mmoja baiskeli, mguu mmoja unazuia boksi, goti linabana begi, na godoro likinilalia begani. Hapo ndipo dirisha la tiketi lilipofunguliwa.

Lilikuwa upande wa pili wa jengo. Niliwaona watu wanapanga foleni, foleni ikakunja kona, na mimi nipo palepale. Nikajiambia mama wa godoro atarudi sasa. Nikajiambia kaka wa vifaranga atarudi sasa. Nyuki wawili wakaja kwa ajili ya asali. Mmoja akapanda mkononi, mkono ule ule ulioshika baiskeli, akawa anatembea juu ya vidole taratibu kama anavihesabu. Sikuweza kumfukuza. Kama ningeachia, baiskeli ingewaangukia vifaranga. Nilimtazama tu mpaka alipoamua mwenyewe.

Watu nao wakadhani nafanya biashara.

"Vifaranga unauzaje?" dada mmoja akaniuliza.

"Si wangu."

"Godoro je?"

"Si langu."

"Mh! Sasa wewe hapa umekaa kama nani?"

Nilitamani kumwomba yeye anishikie nikakate tiketi, sentensi nikaitengeneza yote kichwani kuanzia "samahani dada", lakini nilipoinua macho alikuwa ameshaondoka. Nilibanwa na haja pia, Mama, hilo sitalieleza. Nilikuwa kwenye jengo lisilo na hata mlango, ziwa lote liko mbele yangu, na siwezi kwenda popote.

Foleni ikawa fupi. Yule wa dirishani akapaza sauti, "Wa Nansio, tunafunga!" Na meli ikapiga honi.

Sijui kilichonipata. Nililitupa godoro kwenye kerea ya baiskeli, nikalifunga kwa kamba yake yenyewe. Boksi la vifaranga nikaliweka juu ya godoro, nikalishika kwa kidevu na mkono. Begi nikalitundika kwenye usukani. Nikaanza kusukuma kuelekea dirishani. Ndara ikachomoka, nikaiacha. Watu walikuwa wamenipa mgongo, hakuna anayenipisha, nami nikasikia sauti inasema, "Nipisheni! Nipisheni jamani!" Nikageuka kumtafuta mwenye sauti. Mama, ilikuwa yangu.

Wakapisha. Nikapata tiketi, nikaweka mdomoni kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Na hapohapo nyuma yangu nikasikia: "Mwizi! Godoro langu! Mwizi huyo!"

Ni yule mama wa kilemba cha kijani. Unajua neno hilo linavyofanya watu. Kabla sijameza mate nilikuwa nimezungukwa, askari wa getini ameshika usukani, na mtu nyuma ameshika blauzi yangu.

"Binti, vitu hivi ni vya nani?" askari akauliza.

Nikatoa tiketi mdomoni. "Si vyangu," nikasema.

"Mmesikia? Amekiri mwenyewe!" mtu akadakia.

Mama, ikawa kama siku ile ya kusoma risala mbele ya mgeni rasmi, nikasimama mpaka mwalimu akanitoa. Niliiona meli kupitia geti, watu wanapanda. Nikaona uso wa baba. Nikaona wewe unanyanyuka unaondoa vyombo, kama unavyofanya ukishindwa. Na huyo mama akawa ananikaribia na mfuko wa dagaa mkononi, mbichi kabisa, unachuruzika maji.

"Mama!" nikapiga kelele. "Ulisema unakwenda chooni mara moja!"

Mtu mmoja mwenye toroli akautazama ule mfuko, akasema, "Kumbe choo siku hizi kiko soko la samaki Mwaloni?"

Watu wakacheka. Mama wa kilemba akasema, "Nilipitia tu! Lakini nani alikwambia uhame na godoro langu? Na hii inayonata ni nini? Yesu wangu, ni asali!"

"Mwizi gani anakuibia godoro halafu anakupaka asali?" yule wa toroli akauliza. "Mwizi huyo mimi namtaka aje kwangu."

Hata askari akacheka, ila hakuachia usukani. Nikaona nikinyamaza tena watanipeleka ofisini na meli itaondoka. Nikasema yote kwa pumzi moja, nikiangalia vifungo vya shati la askari kwa sababu macho yake nilishindwa. Nikasema godoro ni la huyu mama, vifaranga ni wa kaka ambaye simjui jina, baiskeli ni ya mzee, hakuna aliyerudi, dirisha linafungwa, na mimi nasubiriwa Nansio. Nikasema sikuweza kuviacha na sikuweza kubaki, ndiyo maana nimevibeba vyote.

Kaka wa vifaranga akatokea anakimbia na kifuko cha pumba. Alifungua boksi, akaangalia ndani, akasema, "Wote wazima. Hawajapigwa jua." Kisha akamgeukia askari, "Afande, mwachie dada wa watu." Na mzee wa baiskeli akaja nyuma yake bila haraka. Alikuwa nje kwenye kivuli anacheza drafti. Hakuonekana kujua kama kuna ugomvi. Ameinua ndara yangu juu watu wote waione.

"Binti," akasema, "na hii nayo ulikuwa unamwangalizia nani?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, makamasi yakatoka mbele za watu. Askari akaachia usukani. "Nenda, nenda, watatoa ngazi."

Nilipanda. Mama wa godoro alipanda pia, akakaa benchi langu. Muda mrefu akawa anakwangua asali kwa kucha na kulamba. Visiwa vimeanza kuonekana ndipo akanipa andazi. "Nilishtuka, mwanangu," akasema. "Godoro lenyewe ni la mgonjwa." Nikala andazi. Baadaye akainuka kwenda kupunga upepo, akanitazama, akalitazama godoro, akafungua mdomo. Halafu akaufunga, akaketi.

Mama Bahati alikuwa gatini kama alivyosema. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara iliyofungwa plastiki. "Ndiye wewe? Umepigana na nani?" Nikasema, "Shikamoo mama," basi. Asali iliyobaki ni nusu chupa, ameipokea kwa furaha na anakushukuru. Nguo nimezifua mara mbili na bado sisimizi wananifuata.

Sasa nikwambie la leo, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Duka ni la vitenge na nyuzi za kushonea, dogo, kaunta yake ukiingia nyuma unafungiwa na kikomeo cha nje. Siku hizi za mwanzo Mama Bahati akiniambia, "Nishikie duka mara moja," nilikuwa nakaa humo bila kula hadi jioni. Si mtu mbaya, anasahau tu, kama mzee wa drafti. Jana nilikaa nikasikia vilevile kama bandarini, hata nikahisi nyuki mkononi, na hakuna nyuki.

Leo asubuhi akachukua mkoba. "Nyamizi, nishikie mara moja, nakuja."

Nikasema, "Mama, unakwenda wapi? Na utarudi saa ngapi?"

Alisimama mlangoni. Nilijua nimeharibu. Nilianza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Unaniuliza mimi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Nauliza ili nijue nitakula saa ngapi."

Akaniangalia sana. Yule binti wa jirani yake anapita hapa kila siku kuchungulia, nami akilini nikamwona kabisa amekaa kwenye kiti changu. Halafu Mama Bahati akasema, "Nakwenda kuchukua mzigo gatini. Saa saba niko hapa. Ikipita saa saba hunioni, funga duka ukale." Na kile kikomeo cha nje hakukifunga.

Mpe baba salamu zangu na shikamoo yake, na umwambie nilikata tiketi mwenyewe. Msalimie bibi, goti alikande kwa maji ya moto asubuhi. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na jirani yetu aliyeniazima begi, mwambie lina asali ila halijachanika. Shija mwambie chumvi sasa ataifuata kwa ajili yake mwenyewe, mimi nikija nitaagiza kwa mdomo wangu.

Mama, saa ya ukutani inasema saa saba imepita na barabarani simwoni mtu. Naiweka kalamu chini. Nafunga duka, nakwenda kula.

Binti yako uliyesema atapita,
Nyamizi