Dakika Kumi za Gari Lako

Mdogo wangu,

Salamu muombe mkeo, mimi zimeniishia. Ulisema kutoka nyumba uliyotutafutia katika mji huu hadi zahanati ni dakika kumi. Jana nilimpeleka Mama kwa miguu. Tulipumzika mara nne, mara ya mwisho juu ya tairi bovu kando ya barabara, tukafika wameshafunga. Nilipokupigia simu ukacheka: "Dakika kumi kwa gari, dada." Gari lenyewe ni lako, na tangu tuhamie hatujaliona mlangoni.

Leo nimezunguka mwenyewe, nimepata vyumba viwili katika mtaa ambako Mama atafika zahanati, dukani na kwa fundi viatu kwa mkongojo wake. Akaniuliza kama ni karibu na kwako. Nikamwambia ni mbali sana.

Akaanza kufunga virago.

Dada yako mkubwa