Kilichozidi Kwenye Mashine Namba Nne

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na kile kikohozi cha mvua kimekuacha. Mimi mwilini sijambo. Huku ni joto, na wiki hii wale wadudu wa ziwani wameingia mjini kama moshi. Asubuhi tunawafagia kibarazani ndoo nzima. Vipi migomba? Na kahawa, mmeanza kuanika? Mdogo wangu Projest ameniambia mbuzi amezaa mapacha, nikacheka peke yangu barabarani hadi watu wakanigeukia.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Projest anarudi huko na meli ya kesho, nimempa yeye ailete. Kwenye simu, Mama, sisi husalimiana mpaka salio linakwisha. Tena nikiisikia sauti yako nitanyamaza, kama nilivyonyamaza Septemba. Basi isome ukiwa umekaa, na isome mwenyewe. Usimpe jirani Odeta akusomee, hata kama miwani imepotea tena.

Nyumbani mnasema tu kwamba Brightness anahesabu huko supamaketi, na kwa kweli hamjakosea sana. Mwanzoni mwa mwaka duka lilileta mashine nne za kujilipia. Mteja anapitisha bidhaa zake mwenyewe kwenye kioo, anapima nyanya zake mwenyewe, analipa kwa simu na kwenda zake. Keshia hayupo. Kwa kuwa watu wetu walikuwa bado wanaziogopa, kila mashine iliwekewa mtu wa kusimama pembeni na kusaidia. Namba nne alipewa Mama Suhaib.

Habari zake huna haja ya kuelezwa. Miaka kumi na sita alipokea mikungu yako bandarini, akaiuza kwenye genge lake, palepale lilipojengwa duka letu. Miaka mitatu ya chuo nilikaa kwake, nikala kwake, na hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Genge lilipovunjwa, mimi ndiye niliyemwombea kazi. Hilo unalijua, na kwa ninavyokufahamu, huko kwetu Kamachumu nzima inalijua. Unakumbuka pia alivyokuwa akiuza. Hakuna aliyeondoka kwake na alichonunua tu. Lazima atie nyanya moja juu ya fungu, kwa ule mkono wake wenye kidole kidogo kilichopinda, aseme, “Na hii ya mtoto.” Alimwambia hivyo hata padri.

Mashine zilipofikisha miezi mitatu, meneja wetu, Bwana Bagenda, alilalamika kwamba vitu vinatoka bila kulipiwa. Akanipa kazi ya ukaguzi. Huwezi kupekua kikapu cha kila mteja, watu watakuchoka na duka watalihama. Unachagua vikapu vichache kwa kura, unalinganisha kilichomo na risiti, na kutokana na hivyo vichache unajua hali ya vyote. Ni kama kuonja maharage: kijiko kimoja kinakwambia chumvi ya chungu kizima, ila sharti ukoroge kwanza. Nilikagua vikapu mia nne. Thelathini na kimoja vilikuwa na kitu kisicholipiwa, na kati ya hivyo ishirini na saba vilitoka mashine namba nne.

Bwana Bagenda aliisoma taarifa yangu mara moja tu. Mwezi wa tano Mama Suhaib aliondolewa kazini, kwa maelezo kwamba anafumbia macho wezi. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaniaga mimi kabla ya wengine. Akaenda kuuza nyanya Buhongwa kando ya barabara kuu, juani, na presha yake ile. Agosti akaanguka palepale. Ulipokuja kwenye arobaini, ulinishika mkono mbele ya akina mama wote ukasema kwamba angalau mwanao alimtendea wema. Nilisema nini, Mama? Nilikula pilau.

Sasa nakuja kwenye yale yanayoninyima usingizi.

Baada yake mashine namba nne ilipewa Evelina, binti mwembamba wa miaka ishirini na minne, anayemtunza mama yake Ukerewe kwa mshahara huohuo. Oktoba nikaambiwa nikague tena. Safari hii nilifuata kura kama sheria: vikapu mia moja kila mashine, si kimoja zaidi. Mlinzi wa mlangoni, Nkwabi, alihesabu pamoja nami. Mashine tatu za kwanza zilikuwa shwari, vikapu vitatu hapa, vinne pale, na vitu vyenyewe ni vile wezi wanavyovipenda, nyembe na mafuta ya nywele. Namba nne ilikuwa na mambo yake. Kila kikapu kilichozidi kilikuwa kimezidi kitu kimoja tu. Nyanya moja, au kitunguu kimoja, au andazi. Hakikuzidi viwili hata siku moja.

Na wateja hawakuona aibu, jambo lililonishangaza kuliko yote. Mtu aliyeiba ukimkamata atakasirika au atalia. Hawa walitutazama kama sisi ndio wajinga. Mwalimu mmoja wa Buswelu alisema kile kitunguu ameongezewa na yule mama wa pale kwenye mashine. Nikamwonyesha Evelina, akasema si huyu, ni mama mnene mwenye kitenge. Dereva mmoja wa bodaboda alisema hivyohivyo, akaongeza kwamba mama huyo ana kidole kibovu. Bibi mmoja alimwambia Nkwabi kwamba ameambiwa andazi ni la mtoto, naye hana mtoto wala mjukuu, lakini utamkataliaje mtu mzima?

Watu hao hawajuani, Mama. Hawakuja siku moja. Nami sikuwauliza swali lolote la kuwaongoza, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Nikaenda kwenye chumba cha kamera. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, duka limejaa watu. Kwenye picha namwona yule mwalimu akipima vitunguu vyake. Anainua uso pembeni, mahali ambapo hakuna mtu. Anatabasamu. Kisha anapanua mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, anausogeza mbele kidogo, anasubiri, anainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru. Niliiangalia picha hiyo mara nyingi nikitafuta mkono. Hakuna mkono. Evelina yuko hatua nne kutoka pale, amempa mgongo, anafuta kioo.

Kilichonimaliza nguvu ni shelfu. Tulifunga upande wa mboga asubuhi moja, tukahesabu na kupima kila kitu, mimi na Nkwabi na mtu wa stoo. Kama vikapu vimezidi, shelfu lazima zimepungua. Mtoto wa darasa la pili anajua. Hazikupungua. Nyanya zilikuwa kamili, vitunguu kamili. Tukarudia siku ya pili, tukapata vilevile. Nkwabi, ambaye ni Msukuma wa maneno machache, aliweka kalamu chini akasema kwamba kwao kitu cha namna hii hakiandikwi, kinaachwa kipite. Siku hizi Evelina akifika asubuhi huisalimia mashine kwanza, anaiambia shikamoo, ndipo anaiwasha. Hakuna aliyemfundisha na hakuna anayemcheka.

Alhamisi hii iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya ukaguzi. Mchana nilinunua nyanya sita kwa ajili ya nyumbani, nikaenda nazo namba nne kwa makusudi, maana woga ulikuwa umeanza kunikera. Evelina alikuwa amekwenda kula. Pembeni yangu hapakuwa na mtu. Nilipima sita, nikalipia sita. Sikuona kitu wala sikusikia kitu, nakuapia. Ila nilijikuta nimeupanua mfuko, na mdomo wangu ulikuwa unasema asante. Mlangoni kura ilikuwa imeangukia kikapu cha wakati ule, na kura haijui mkubwa wala mdogo. Nkwabi akamimina nyanya mezani. Zilikuwa saba. Akanitazama, akasema hataandika. Nikamwambia andika. Akaandika, kisha akaniletea kiti.

Kikapu changu kilikuwa cha ishirini na saba. Namba ileile ya mwezi wa tano.

Ijumaa Bwana Bagenda aliniita. Habari za kamera na shelfu aliziita uswahili, akasema makao makuu Dar wanasoma idadi ya vikapu, hawasomi hadithi. Kwake mambo yalikuwa wazi: mara mbili mashine ileile, mara mbili hesabu ileile, basi ni mchezo ambao yule wa kwanza alimwachia huyu wa pili. Kesho Jumatatu Evelina afukuzwe na apelekwe polisi. Karatasi iko tayari, imebaki sahihi yangu. Nikamwomba anipe siku mbili.

Siku hizo mbili sikuhitaji kufikiri, nilihitaji kupata ujasiri. Maana kinachomfunga Evelina ni ile taarifa yangu ya kwanza. Bila hiyo, ukaguzi wa Oktoba ni ajabu la mwezi mmoja, tena halina hasara, na hakuna mtu anayepelekwa polisi kwa nyanya ambazo hazikupotea. Na taarifa ile ya kwanza, Mama, ni ya uongo.

Niliandika humo kwamba vikapu vilichaguliwa kwa kura kutoka mashine zote nne. Havikuchaguliwa hivyo. Ilikuwa joto, na kufuata kura maana yake ni kutembea siku nzima huku na huku nikiwafukuzia wateja. Karibu na mashine namba nne palikuwa na feni, na soketi ya kuchajia kompyuta yangu. Nikavuta kiti nikakaa pale. Wiki tatu nilikagua waliopita mbele yangu. Katika vikapu mia nne, mia tatu na arobaini vilikuwa vya mashine ya Mama Suhaib. Ukichota kisima kimoja kutwa, vyura wote utakaowaona ni wa kisima hicho. Kwa hesabu ya haki, mashine yake haikuwa na tofauti ya maana na nyingine yoyote. Niliandika ishirini na saba. Sikuandika mia tatu na arobaini. Bwana Bagenda alipotaka kumfukuza nilijua ndani ya dakika moja kosa liko wapi, na nikaona haya kusema kwamba mtaalamu wa takwimu amekaa kwenye feni. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilimuua kwa uvivu, halafu nikamuua tena kwa kuona haya.

Jana nilikwenda kwa Suhaib. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kwako na kabla ya ofisi. Nilimweleza yote, hadi feni. Nilitarajia anipige, na ningekubali kupigwa. Alichezea kamba ya kiatu. Kisha akasema kwamba zile wiki tatu mama yake alikuwa akirudi nyumbani na furaha. Aliwaambia kwamba Brightness ana meza yake ofisini huko juu, lakini ameiacha, anashuka kukaa naye kutwa nzima. “Anaona haya kulisema,” mama yake aliwaambia, “ila mwanangu hajanisahau.” Ndiyo maana alikuwa anaamka saa kumi na moja kuchemsha chai ya chupa mbili.

Ni kweli, Mama. Kila siku saa nne aliniletea chai pale kwenye kiti. Nilikuwa naipokea, nakunywa, naendelea kuandika.

Leo asubuhi, kabla ya kukaa kukuandikia, nimetuma taarifa ya kweli kwa Bwana Bagenda na makao makuu, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Ile karatasi ya Evelina sitaisaini. Kazi yangu nadhani imekwisha, na sitegemei unisikitikie. Uliwaambia watu jambo jema juu yangu ambalo halikuwa kweli. Ukitaka kuwaambia la kweli, una ruhusa yangu. Nitakuja na meli ya Ijumaa. Ukiona ni mapema mno kunitazama usoni, mwambie Projest anipigie, nitakaa huku hadi utakaponiita.

Nisalimie Odeta, umwambie namheshimu ila barua hii haikuwa yake. Wasalimie wote wa nyumbani, wakubwa na wadogo, na wale wa kanisani. Ukienda misa muombee rafiki yako. Najua alikuwa Mwislamu, lakini muombee hivyohivyo.

Ni mimi mwanao,

Brightness