Vichuguu Vilivyotazama Chini

Likasi, Jumatano. Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha alfajiri na kuosha vumbi jekundu juu ya mabati ya hangar yetu, banda la kusomea miamba. Hasira yangu haikuiosha.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa.

Mimi ni mwanajiolojia wa majaribio. Mkataba wangu unakwisha Ijumaa, na mhandisi mkuu wa kambi ndiye atakayeamua kama nitaajiriwa au nitarudi nyumbani na diploma yangu. Kazi yangu ni kusoma carottes, zile nguzo nyembamba za mwamba ambazo mashine huzitoa ardhini na ambazo hupangwa kwenye masanduku ya mbao, kisha kuandika daftarini tabaka lipi liko juu ya lipi.

Jana nilifikia mwamba mgumu wenye matundu-matundu, uleule unaofanya migongo ya vilima vyetu visivyo na miti. Nilipoumwagia maji na kuusugua kwa brashi, ilijitokeza mistari iliyopinda, mmoja juu ya mwingine. Ni vikuba vidogo vya mawe vilivyojengwa na viumbe visivyoonekana kwa macho, zama ambazo Katanga ilikuwa bahari ya kina kifupi na samaki walikuwa bado hawajakuwapo duniani. Vikuba hivyo hukua kama vichuguu: msingi chini, kilele juu, kuelekea mwanga.

Vyangu vilitazama chini.

Vyote, sanduku baada ya sanduku, na daftarini nikachora mishale inayoelekea chini.

Maana yake ni moja: ardhi ilipokunjwa, kilima hiki kilipinduliwa. Mwamba laini wenye shaba na kobalti, ambao kwa kawaida hukaa juu ya huu mgumu, sasa uko chini yake, na mashine haijaufikia. Mhandisi mkuu anaamini kwamba ulikuwa juu, ukamomonyolewa na mvua za zamani, na kwamba hakuna la kutafuta tena. Anataka mashine ihamishwe kesho.

Leo asubuhi alifungua daftari langu mbele ya kambi nzima, akacheka.

« Madame Kichwa-Chini! Ile kilima iko droit, minye naijua mbele weye uzaliwe. Ni weye njo ulipindula caisse, sawa siku ile. Geuza mishale yako mu cahier, unasigné, unaniletea mbele ya saa kumi. Contrat yako iko pa meza yangu. »

Kwake, kilima kiko sawasawa, sanduku nililipindua mimi, na ni lazima nigeuze mishale ya daftari na kutia sahihi kabla ya saa kumi. Wote wakacheka naye. Nakiri kwamba "siku ile" ilikuwapo. Katika wiki yangu ya pili nilipanga sanduku moja kinyume, na jina hilo limenifuata tangu hapo.

Nakiri na jingine. Nilichukua kifutio nikafuta mshale mmoja. Mmoja tu, lakini niliufuta.

Kisha nikaenda kwa papa Ilunga, fundi wa mashine ya kutoboa, nikamuuliza kama kuna njia yoyote ya kujua upande wa juu wa kipande bila kutegemea sanduku. Alichomoa mfukoni kipande cha chaki nyekundu.

« Mwana, kila kipande inatokaka mu tube, naichoraka mushale na craie nyekundu mbele ya kuiweka mu caisse. Mushale inaonyesha fasi ya juu. Haukuiona? »

Sikuiona. Mimi mwenye diploma nilizidhani alama zake kuwa madoa ya udongo, nami nikazisugua kwa bidii zote, sanduku kwa sanduku, nikifuta ushahidi wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

« Aaah! Kumbe ni weye! Unasuguaka mawe sawa sufuria ya ndoa! »

Nilicheka huku nikitamani kulia.

Yalibaki masanduku matatu ambayo sikuwa nimeyaosha. Tuliyafungua pamoja. Safari hii niliosha upande mmoja tu wa kila kipande, nikauacha mshale. Katika yote matatu, mshale mwekundu ulielekea juu, na vichuguu vikaelekea chini. Sanduku lingeweza kupinduliwa mara kumi. Mshale ungepinduka pamoja na mwamba wake.

Nilirudi mezani, nikauchora upya ule mshale niliokuwa nimeufuta, ulivyokuwa mwanzo. Nikaandika wazi kwamba masanduku ya awali niliyaosha alama zake kwa kutojua, na kwamba matatu ya mwisho yanatosha. Nikatia sahihi kwa jina langu kamili. Papa Ilunga akaiomba kalamu, na kando ya sahihi yangu akachora mshale mdogo, nadhifu. Hiyo ndiyo sahihi yake.

Saa tisa na nusu nilimkabidhi mhandisi mkuu daftari. Alisoma ukurasa wote, akautazama ule mshale, akalifungia daftari kwenye droo.

« Tutaonana vendredi. »

Basi tutaonana Ijumaa. Kama mashine itahamishwa kesho au itaendelea kushuka, hilo haliko mikononi mwangu. Mikononi mwangu ulikuwamo ukurasa mmoja, na ukurasa huo unasema kweli. Kesho saa moja kamili asubuhi nitakuwa hangar na brashi yangu, hata kama ni kwa siku mbili tu zilizobaki.

Na waendelee kuniita Madame Kichwa-Chini. Kilima hiki kimelala kichwa chini, na aliyekisoma ni mimi.