Aliyenisalimia Kilimani

Mjukuu wangu Masanja,

Shikamoo yako imefika hapa Magu, marahaba. Bibi yako mzima, mpunga umeiva, na yule ng'ombe wa pembe moja bado ananidharau kama wewe.

Unauliza kama kweli niliacha mashindano ya baiskeli kwa sababu ya goti. Nani kakwambia? Baba yako? Mwambie goti langu lina nguvu kuliko yeye mzima! Nilikuwa bingwa wa Magu mpaka Mwanza, na wenzangu waliijua kaptula yangu kuliko sura. Nikastaafu kwa shangwe. Miaka ikapita, kiherehere kikanirudisha mashindanoni.

Siku hiyo, kwenye kilima cha Igoma, nilikuwa nahema kama mvukuto. Kijana mmoja akanifikia. Nikangoja matusi, maana sisi wa enzi zile tulikuwa tunatukanana mpaka mwisho: "Toka njiani, gunia la pamba wewe!" Yeye akapunguza mwendo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Shikamoo! Katikati ya mashindano! Na mdomo wangu mpumbavu ukaitika wenyewe: "Marahaba, mwanangu." Akapita zake. Nikashuka, nikaikokota baiskeli mpaka nyumbani, na sikushindana tena.

Hasira ile ninayo hadi leo. Kushindwa ningekubali. Lakini yule alinisalimia kama mzee aliyekaa kibarazani, wakati mimi nilikuwa nashindana naye!

Ukija likizo tupande baiskeli. Ukinifikia kilimani, nitukane vizuri. Ukinisalimia, nakuchapa na pampu.

Babu yako, bingwa.